Yale maputo ya intaneti yalifanya kazi, na bado yakafa

Mnakumbuka yale maputo ya Loon? Julai 2020, korona imetufungia nyumbani, Telkom Kenya wakaungana na Loon, kampuni ya Alphabet ambao ndio wenye Google, wakatuwashia 4G kutoka angani, maputo kama 35 hivi yanaelea kilomita 20 huko juu, ndege za abiria ziko chini yao kabisa, na eneo lenyewe karibu kilomita za mraba 50,000, Iten, Baringo, Kakamega mpaka Narok. Januari 2021 Loon wakatangaza wanafunga. Hata mwaka haujaisha!

Sasa kuna watu ukitaja hii stori wanacheka tu, eti puto ni ya bethidei. Mimi hapo nakataa. Kitu kilikuwa kinashika. Kwenye majaribio yao spidi ya kudaunilodi ilifika karibu Mbps 19, video koli inapita fresh. Na puto lenyewe halina injini ya kulisukuma, linapanda na kushuka tu kutafuta upepo unaoelekea linakotaka, programu ndiyo inaamua, na moja lilikaa angani siku 312. Puerto Rico nako 2017, kimbunga Maria kimelaza minara chini, maputo yakawapa watu mawasiliano. Hapo utabisha nini?

Shida ni hesabu. Puto linarushwa Marekani, linabebwa na upepo mpaka huku kwetu, linakaa miezi kadhaa, plastiki inachoka na jua na ile baridi ya juu, linashushwa, unarusha lingine, na hivyo hivyo bila kuisha. Busta, yaani mnara wa simu, ukishaisimamisha pale Kabarnet imesimama, miaka kumi bado iko. Wenyewe walikubali kwamba gharama imegoma kushuka kiasi cha kuwa biashara ya kudumu.

Lakini hata ingeshuka, mi nauliza simu iko wapi? Ile ilikuwa 4G. Mzee wa kijijini ana mulika mwizi yake ya 2G, chaji inakaa wiki, tochi safi, puto linampita juu ya kichwa na yeye hana habari. Na kijana mwenye smartphone bado alihitaji laini ya Telkom, wakati ukoo mzima uko Safaricom na M-Pesa yao, halafu bado bando. Mwenye pesa ya bando kila siku mara nyingi anaishi mahali busta ilishafika kitambo, kwa hiyo puto lilibaki na wale wasio na simu ya kulishika au hela ya kulilipa.

Kuna kipande kimoja lakini hakikufa, ile mionzi ya leza ambayo maputo yalikuwa yanatumiana data. Alphabet waliichukua wakaifanya mradi mwingine, Taara, wakaiweka pande mbili za mto Kongo, Brazzaville na Kinshasa, karibu kilomita 5 juu ya maji, maana waya wa kuzunguka mto ungekuwa zaidi ya kilomita 400. Mwaka 2021 ilipitisha karibu terabaiti 700 ndani ya siku 20. Ukungu ukiwa mzito inasumbuka, lakini inalipa, na ona walipoiweka: katikati ya miji miwili yenye mamilioni ya watu wanaonunua bando tayari. Sio Baringo.