Kromosomu za udongo: faida iko wapi, uongo uko wapi

Mwalimu wa baiolojia mwenye darasa lililofurika na vipindi vichache ana sababu ya kukwepa kromosomu za udongo, yaani vijiti vya udongo vinavyosimama mahali pa kromosomu, nyuzi za seli zinazobeba jeni, seli inapogawanyika. Mtihani utadai mchoro na majina ya hatua za mgawanyiko, na aliyekariri profezi, metafezi, anafezi na telofezi atapata alama zake bila kushika kitu. Kwa mitosisi naikubali hoja hiyo. Seli moja inatoa mbili zinazofanana nayo, mchoro unatosha, na ikiwepo hadubini, ncha ya mzizi wa kitunguu itaonyesha mengi kuliko udongo wowote.

Meiosisi, mgawanyiko wa mara mbili unaotengeneza mbegu na mayai, ni habari nyingine. Wanafunzi huchanganya kromosomu mbili za jozi moja na nakala mbili za kromosomu moja, na mchoro ulionakiliwa ubaoni hauwaumbui. Wape udongo mwekundu wa mama na wa bluu wa baba, jozi tatu kila kikundi, kila kromosomu na nakala yake. Atakayetenganisha nakala kabla ya jozi ataona baada ya mgawanyiko wa kwanza kila seli ina kromosomu sita, si tatu. Sarafu ikirushwa kuamua rangi ipi ielekee wapi, michanganyiko minane inawezekana. Kwa jozi 23 za binadamu inapita milioni nane, hata kabla ya kromosomu kubadilishana vipande.

Kisha urutubishaji: tatu za kikundi hiki, tatu za jirani, sita zimerudi. Anayetaka kuruka meiosisi aunganishe seli za kawaida, apate 12, kizazi kinachofuata 24. Hahitaji kuambiwa kwa nini gameti (mbegu au yai) hubeba nusu.

Ila udongo nao hudanganya. Wapo watakaodhani nyekundu ni ya kike daima, ilhali nyekundu iliyomo kwenye mbegu ya baba ilitoka kwa mama yake baba huyo, na mbegu hiyo inaweza kuzaa mvulana.

Uongo mkubwa uko kwenye yai. Mfano hutoa seli nne zinazolingana, jambo ambalo ni kweli kwa mbegu za kiume tu. Kwa mwanamke seli moja huchukua karibu saitoplazimu (ute wa ndani ya seli) yote, zinazobaki ni vijiseli visivyozaa, na yai humaliza mgawanyiko wa pili baada tu ya mbegu kuingia. Ningeliacha yai la udongo nusu njia, seli kubwa na kijiseli kimoja pembeni, mbegu itiwe ndani, ndipo kikundi kimalizie kugawanya.