Elfu tano ya Jumamosi, kelele za nini?

Kuna maneno yanazunguka sana hapa Kampala, na majuzi yakaingia mpaka kwenye grupu ya wasap ya mtaa wetu. Mchoraji mmoja alitangaza darasa la watoto kila Jumamosi asubuhi, elfu tano kwa mtoto, karatasi na rangi anatoa mwenyewe. Hata chai haijapoa watu washamrukia. Eti anakula jasho la maskini, eti kipaji kapewa na Mungu bure na yeye atoe bure, eti zamani wazee walifundishana bila kulipana, eti kama ana moyo arudishe kwa jamii. Na wengi wao ni wale wale ambao likizo iliyopita walikuwa wanaulizana humo humo mwalimu wa kochingi ya hesabu anachaji ngapi, wakatumiana namba yake, wakalipa, wala hakuna hata mmoja aliyemwambia yule wa hesabu arudishe kwa jamii.

Nimeona niandike manake hii kesi imesikilizwa upande mmoja. Sisemi wanaotaka darasa la bure hawana hoja. Wanayo tena nzito, ntaanza nayo hiyo hiyo.

Chukua Breakdance Project Uganda. Tangu 2006 Abraham Tekya, wengi wanamjua kama Abramz, yeye na wenzake wanafundisha breki, ile dansi ya kuzungukia sakafuni, bila kudai hata senti, na kwa miaka mingi mahali pao pamekuwa pale Sharing Youth Centre, Nsambya. Mtoto wa Kisenyi kwa maskini anaingia, mtoto wa Muyenga kwa matajiri anaingia, anayejua kuzunguka kwa kichwa anamfundisha asiyejua, na huyo asiyejua baada ya muda anamshika mkono mgeni. Hakuna wa kukuuliza baba yako anafanya kazi gani. Ukiweka mtu mlangoni wa kukusanya elfu tano umeshaua kitu chenyewe, kwa sababu mtoto ambaye darasa lile lingemfaa kuliko wote ndiye wa kwanza kubaki nje akichungulia dirishani. Na elfu tano si pesa ndogo, tusidanganyane, kuna nyumba ambako hiyo ni posho (ugali) na maharage ya leo. Ukiwa na watoto watatu na Jumamosi nne unaongelea elfu sitini kwa mwezi, kwa kitu ambacho jirani atakucheka ukimwambia umekilipia.

Hoja nzuri hiyo, naikubali, ila watu wanaichukua kutoka kwenye breki wanaipeleka kila mahali bila kuangalia kazi yenyewe inataka nini. Breki inataka sakafu na spika. Vijana hamsini wakizungukia kwenye sakafu hiyo leo, kesho bado ipo. Uchoraji haupo hivo. Uchoraji kila somo unakula vitu, karatasi mtoto akishaichora imekwenda, rangi imekwenda, brashi za bei nafuu wiki ya pili zishang'oka manyoya zimebaki kijiti, na hapo hujaongelea yule mdogo anayemimina chupa nzima ya bluu kwa sababu anataka kuchora Ziwa Victoria lote mpaka Mwanza. Ngoma za kiasili ziko katikati. Ngoma inadumu, lakini ngozi inapasuka, na kama iliyopasuka ni engalabi, ile ndefu inayowambwa ngozi ya kenge, huendi tu dukani ukaokota nyingine.

Sasa fanya hesabu. Tuseme watoto wamekuja ishirini na wote wamelipa (hawalipi wote, kila aliyewahi kufundisha mtaani anajua kuna wa "mama amesema kesho"), hiyo ni laki moja. Toa karatasi na rangi, toa boda ya kubeba mizigo kwenda na kurudi, toa kitu kidogo cha mwenye ukumbi, toa maji ya kunywa manake ishirini hao watakuambia wana kiu wote kwa pamoja. Kinachobaki kigawe kwa asubuhi nzima ya kufundisha na jioni ya Ijumaa ya kukata karatasi na kutayarisha somo. Halafu kamwoneshe fundi wa pikipiki hapo Katwe umuulize kama angekubali.

Ndio maana nauliza, darasa la bure analipa nani? Mtu analipa. Wakati mwingine ni mfadhili, na mfadhili ana projekti, projekti ina mwanzo na mwisho, ina bango na fulana na ripoti ya picha za watoto wanacheka, na siku projekti imefungwa darasa nalo linafungwa hata kama watoto ndio kwanza walikuwa wameanza kushika kitu. Wakati mwingine ni msanii mwenyewe, analipa kwa tumbo lake na kwa kazi zake ambazo hazikuchorwa, mpaka siku mke au mume anamwambia basi, anaingia kwenye boda au anapanda ndege kwenda kulinda geti Dubai, na darasa linakufa kimya kimya bila hata tangazo. Sijui kwa nini hilo la mwisho haliwaumi watu kama linavyowauma lile la elfu tano.

Kuna namba moja inanisumbua sana kwenye jambo hili, na haitoki Kampala, inatoka Busoga, mashariki mwa Uganda. Bigwala ni zile tarumbeta za vibuyu za Wasoga, zinapigwa kwenye mambo ya ufalme, kutawazwa, misiba ya wafalme, na shughuli nyingine za watu pia. Mwaka 2012 UNESCO waliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, na kwenye maelezo yao walisema mabingwa wazee waliokuwa wamebaki wanaojua kuzitengeneza, kuzipiga na kuzicheza walikuwa wanne. Wanne! Busoga nzima. Na ukisoma mbele kidogo unakuta sababu, kwamba wazee hao walikuwa wamejaribu kuwarithisha wengine, wakakwama kwa sababu ya pesa. Soma tena hiyo. Vijana hawakulaumiwa kwamba wamepotelea kwenye simu, na wala wazee hawakuwa wachoyo wa ujuzi wao. Kilichokwamisha ni pesa ya kufundishia.

Na bigwala huwezi kufundisha mtu mmoja mmoja barazani ukamaliza. Kila tarumbeta ina sauti yake moja tu, kwa hiyo wimbo unakuja pale watu watano au zaidi wanapopokezana, huyu anaingia huyu anatoka, mmoja akikosekana wimbo una pengo. Maana yake ili ufundishe lazima uwakusanye watu pamoja, kwa siku hiyo hiyo, mara nyingi, na watu uliowakusanya wanataka kula na wana mashamba yao. Kwa hiyo mtu akiniambia sanaa ya asili ifundishwe bure kwa sababu ni mali yetu sote, namwelewa anachotaka, ila kwa bigwala mali yetu sote ilikuwa imebaki vichwani mwa wazee wanne, wamekaa wanasubiri nauli.

Na hili la zamani walifundishana bure, nalo tuliangalie. Buganda wanamuziki wa Kabaka, yaani mfalme, hawakuwa wanaishi kwa sifa. Walikuwa na zamu zao ikulu, kuna waliopewa ardhi kwa ajili ya kazi hiyo, na mtoto alijifunza kwa baba au mjomba kwa vile kazi ile ilikuwa inalisha ukoo. Lubiri, ikulu ya Kabaka, iliposhambuliwa 1966 wanamuziki wale walitawanyika, na entenga, zile ngoma za ikulu zinazopangwa kwa sauti, zikanyamaza kwa miaka mingi sana. Walikuwepo bado baadhi ya wanaojua kuzipiga. Ila mlipaji hakuwepo tena, ikulu haipo, zamu hazipo, sasa ufundishe mtu kwa ajili ya nini? Kwa hiyo hiyo zamani wanayoitaja ilikuwa na malipo, ila hayakuwa noti.

Serikali nayo imetufundisha kitu, tukubali tusikubali. Mwaka 2022 mwalimu wa sayansi mwenye digrii alipandishiwa mshahara hadi milioni nne kwa mwezi, mwenzake wa masomo ya sanaa mwenye digrii vile vile akabaki kwenye milioni moja na kidogo, walimu wakagoma mwezi Juni, wakarudi darasani. Sababu za serikali zipo, nchi inataka mainjinia na madaktari, sawa. Lakini mzazi anayesoma habari hiyo asubuhi halafu saa nne anaona tangazo la mchoraji la elfu tano, unategemea afikirie nini? Ameshaambiwa bei.

Halafu kuna hii ya Emyooga, hapa mnisamehe nicheke kidogo. Ni mpango wa serikali ulioanza 2019, watu wanaungana kwa kazi zao, SACCO yao (chama cha akiba na mikopo) inapata mtaji, ya kawaida ilikuwa milioni thelathini. Kwenye zile kazi walizoziorodhesha kuna wasanii wa jukwaani, na kuna walimu wa binafsi. Sasa mtu anayefundisha ngoma mtaani Namuwongo apange foleni ipi? Na mchoraji ndio kabisa, hana pa kuegemea labda ajiunge na mafundi seremala kwa sababu ya fremu. Lakini twende tu, tuseme kapenya, kakopeshwa. Mkopo unarudishwa. Unarudishwaje na mtu ambaye mtaa mzima umekubaliana afanye kazi bure? Na wanaomwambia arudishe kwa jamii ndio hao hao watakaomwambia ajiajiri.

Kuna njia ya tatu ambayo watu wanaipenda, nayo ni shoo zilipie masomo. Ndere, kundi la ngoma la Stephen Rwangyezi, imeonesha kwamba inawezekana, watu wanakata tiketi pale Ntinda wanakula huku wanaangalia ngoma za bakisimba na larakaraka, na kundi limedumu tangu miaka ya themanini. Ghetto Kids, watoto wacheza dansi wa Dauda Kavuma, aliyekuwa mwalimu wa hesabu by the way, walijulikana na video ya 2014 wakafika mpaka fainali ya Britain's Got Talent, shindano la vipaji la Uingereza, 2023. Naheshimu sana. Lakini shoo inataka walio bora. Yule wa mguu mzito, anayecheza kwa sababu tu Jumamosi akicheza anasahau ya nyumbani, hapandi jukwaani, na hapo utamweka wapi? Darasa la ada, hata dogo, lina faida hiyo isiyosemwa: mwalimu analipwa kwa kumfundisha mtoto, hasubiri mtoto amlipe kwa kupendeza kwenye simu za watu. Kwangu hiyo ni heshima kubwa kwa mtoto kuliko hilo neno bure.

Ya upande wa pili ambayo sijayataja ni haya. Anayechaji hakaguliwi na mtu, yeyote mwenye gitaa anaweza kufungua darasa, na unamwachia mwanao. Hilo ni kweli, ila hata la bure halikaguliwi, tena kwenye la bure wazazi hawaulizi maswali kabisa kwa kuona wanafadhiliwa. Uliza. Nenda ukakae nyuma siku ya kwanza.

Linalonikwaza kweli ni wasichana. Nyumba ikiwa na elfu tano moja na watoto wawili najua nani atapelekwa, na anayebaki anafua. Hapo ada inaumiza na sina namna ya kuipamba. Wengine huku wanajaribu kuigawa, kwenye watoto ishirini nafasi tano hazilipiwi, anachagua mwalimu kimya bila kutangaza nani ni nani, wengine wanalipia kwa kufagia ukumbi na kubeba ngoma. Inasaidia kiasi. Lakini hata ukimwondolea msichana ada bado Jumamosi asubuhi ni saa ya kufua na kuchota maji, kwa hiyo mchoraji wetu kama atanisikia alisogeze darasa lianze saa tisa mchana, na amruhusu aje na mdogo wake mgongoni. Atatafuna krayoni moja mbili, ziingizwe kwenye bajeti.