Mtoto akijitoa uhai, wazazi wake tunawaacha mapema mno

Nairobi tunajua kufariji. Nasema hivyo kwa fahari, kwa sababu huku Leeds, Uingereza, ninakoishi nimeona mama akifiwa na majirani wakamwachia kadi mlangoni, wakaenda zao. Kwetu habari ikitoka asubuhi, kufikia jioni sebule ya Umoja au Kayole haina pa kukaa. Viti vya plastiki vimefika, akina mama wa jumuiya wameinjika sufuria nje, kamati ina mwenyekiti na mweka hazina, na namba ya Mpesa iko kwenye kila grupu ya WhatsApp. Kila jioni ni sala, mchango na chai, mpaka siku ya kusafirisha mwili kwenda ushago. Wiki hiyo hakuna mzazi anayelala peke yake.

Kisha tunazika, na kila mtu anarudi kwake.

Kifo chochote kina upweke huo wa baadaye. Lakini mtoto akiwa amejiua, upweke huanza mapema zaidi, watu wakiwa bado wamejaa sebuleni. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikufa hivyo akiwa chuoni. Tangazo la kamati lilisema ameugua kwa muda mfupi. Dada hakuulizwa kama ndivyo anavyotaka. Wasifu uliosomwa siku ya ibada ulitaja shule zote, hata ya chekechea, kisha ukarukia "Bwana alitoa na Bwana ametwaa". Shemeji yangu, baba wa kijana, ndiye aliyetumwa kituo cha polisi kuandikisha taarifa, na mbele ya watu waliokuwa kwenye foleni akaulizwa kama walikuwa wamegombana na mwanawe. Ni yeye tena aliyefuatilia uchunguzi wa maiti, kibali cha mazishi na bili ya mochari. Mpaka jeneza linashuka kaburini, sijui mtu aliyewahi kumkalisha chini na kumuuliza yeye anaendeleaje.

Familia hazifichi kwa ubaya, zinaogopa, na uoga huo una historia. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya anayejaribu kujiua kuwa mhalifu anayeweza kufungwa hadi miaka 2. Sheria hiyo ilitoka kwa mkoloni, na mkoloni mwenyewe aliifuta kwao mwaka 1961, sisi tukiwa bado hatujapata uhuru. Sisi tuliendelea kuishika hadi tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alipoamua kwamba inakiuka Katiba. Jambo likiitwa jinai miaka yote hiyo, aibu yake haiondoki kwa uamuzi mmoja wa mahakama. Hata kanisani bado utasikia kwamba aliyejiua haombewi, ilhali Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 haimtaji tena miongoni mwa wanaonyimwa mazishi ya kanisa, na Katekisimu inasema wazi kwamba Kanisa huwaombea. Mapadre na makatekista wanalijua hilo. Ningependa walitamke kwa sauti, mama akiwa ameketi benchi la mbele.

Huku nako si peponi. Uingereza kifo cha namna hii huenda kwa afisa wa uchunguzi wa vifo, na kikao chake ni cha wazi. Mwandishi wa gazeti anaweza kuketi nyuma akiandika. Wazazi wanaweza kusubiri kikao hicho kwa miezi, kidonda kikifunguliwa upya.

Lakini kuna kitu wanacho ambacho ningetamani tukichukue. Mfanyakazi mwenzangu alifiwa na binti yake kwa njia hiyo hiyo. Siku moja tukiwa kwenye mapumziko, alitaja jina la binti, akasema alijiua, kisha akaendelea kusimulia jinsi alivyokuwa akichagua vitunguu kwenye chakula na kuvipanga pembeni ya sahani. Tulicheka naye. Huwa anaenda kwenye kikundi cha wazazi na ndugu wa waliojiua, watu wanaketi duara na vikombe vya chai, hakuna anayehubiri. Aliyefiwa miaka mingi iliyopita anakaa karibu na aliyefiwa juzi. Vikundi kama hivyo huku vina mtandao wake tangu mwaka 1991. Na chama kikubwa cha wazazi waliofiwa na watoto, The Compassionate Friends, kilianzia Coventry mwishoni mwa miaka ya 1960, pale kasisi kijana wa hospitali, Simon Stephens, alipowakutanisha wazazi wa wavulana wawili waliofariki. Familia mbili tu, zikaona zinaelewana kuliko zinavyoeleweka na wengine.

Hilo Nairobi linatushindaje? Sisi tuna vyama vinavyokutana kila mwezi bila kukosa, na jumuiya ndogondogo zinazozunguka nyumba kwa nyumba kila wiki. Kamati ya mazishi isivunjwe siku ya kuhesabu pesa zilizobaki. Ibaki na watu wanne, wawili wa kumtembelea mama na wawili wa kumtembelea baba, kwa mwaka mzima. Waende bila ajenda. Wasiulize alifanyaje wala kama aliacha barua. Wasiseme "angalau una wengine". Wawaangalie hao wengine pia, kwa sababu ndugu wa marehemu wanafiwa kimyakimya. Na wamtaje mtoto kwa jina.

Jina lina uzito. Huyo mpwa wangu alikuwa kifungua mimba, kwa hiyo mtaa mzima ulimwita dada kwa jina la mwanawe. Baada ya mazishi, mama mboga wa chini ya ploti alianza kumwita "kastama". Alidhani anamhurumia. Dada sasa anavuka barabara kununua sukuma kwingine.

Sisi tulio ng'ambo tunatuma mchango na kuona tumemaliza. Pesa zinasaidia, ila simu ya mwezi wa tano baada ya mazishi ina kazi yake. Uliza moja kwa moja kama analala, na kama amewahi kufikiria kujiua yeye mwenyewe, maana waliofiwa hivi wako kwenye hatari kubwa kuliko wengine, na kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Akisema ndiyo, usikate simu kabla hujapata mtu wa kufika kwake. Befrienders Kenya wanapatikana kwa 0722 178 177, na Msalaba Mwekundu wa Kenya kwa 1199 bila malipo. Zihifadhini namba hizo, na muwape wenyeviti wa kamati zenu.