Povu Likiisha, Sabuni Imekwisha?

Wataalamu wa majitaka wana ubishi wa siku nyingi: je, inatosha kemikali ya sabuni ya unga kuliwa na bakteria wanaohitaji oksijeni, au tudai ioze hata pasipo hewa?

Miaka ya 1950 surfaktanti ya sabuni hizo, yaani kemikali inayong'oa uchafu, ilikuwa na mkia wa kaboni wenye matawi. Bakteria waliishindwa, na mito ya Ujerumani Magharibi ikafunikwa na povu. Sheria ya huko ya 1961, iliyoanza kufanya kazi 1964, ikadai angalau asilimia 80 ioze. Viwanda vikahamia LAS, surfaktanti ambayo mkia wake umenyooka na umeshikana na pete ya benzini. Bakteria huuanza nchani, kama mtu atafunavyo muwa, wakikata kaboni mbilimbili. Penye tawi hukwama. Mkia ukiisha huipasua pete ya benzini, na mwisho hubaki kaboni dioksidi, maji, salfeti na bakteria wapya. Kwenye mtambo wa tope hai, yaani tope lililojaa bakteria, unaopulizwa hewa vizuri, zaidi ya asilimia 95 ya LAS huondoka. Wanaoridhika na oksijeni wana hoja nzito.

Ila tuangalie kilichopimwa. Kipimo cha zamani ni cha buluu ya methilini: unatikisa sampuli pamoja na klorofomu, unaiacha itulie, na klorofomu iliyo chini inakuwa buluu kadiri sabuni ilivyo nyingi. Bakteria wakishauma mkia kidogo tu, rangi inapotea, na pete bado nzima. Ndiyo maana kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza 2005 inataka asilimia 60 igeuke kaboni dioksidi ndani ya siku 28. Nonilifenoli etoksileti, surfaktanti za aina nyingine, zilikwisha kutufundisha: mnyororo wake wa etoksileti ukitafunwa hubaki nonilifenoli, inayoiga homoni ya kike hata kwa samaki.

Kisha lipo tope lenyewe. Sehemu ya LAS huganda kwenye tope kabla haijafika penye hewa, na ndani ya tangi la tope lililofungwa, lisilo na hewa, hukaa karibu kama ilivyoingia. Denmark iliweka kikomo cha miligramu 1,300 kwa kila kilo ya tope kavu la kumwagwa shambani. Viwanda vikajibu kwamba udongo una hewa, na huko LAS huisha ndani ya wiki chache. Mwaka 2009 Tume ya Ulaya nayo ikaona hakuna haja ya kulazimisha uozaji usio na oksijeni.

Kwa shamba la Denmark, nakubaliana na Tume. Nikifika Dar es Salaam nasita. Nyumba nyingi hapa hazijaungwa kwenye bomba la majitaka. Beseni la kufulia linamwagwa mtaroni au kwenye shimo. Katika udongo mkavu wa kichanga, jibu la viwanda linasimama, kwa kuwa maji yakichuja polepole hukutana na hewa. Mabondeni, wakati wa masika, maji ya ardhini hupanda hadi yakalingana na yaliyo shimoni. Hewa iliyotegemewa haipo, na kisima cha jirani kiko hatua chache tu. Kubadilisha sabuni peke yake hakutaokoa shimo hilo, maana kinyesi nacho kinatoka bila kusafishwa. Lakini anayetuuzia sabuni yenye maandishi kwamba inaoza atuambie pia inaozea wapi.