Nitakuja au ningekuja? Makosa ya Wafaransa na ya kwetu

Ukishajifunza Kifaransa kiasi cha kusoma matangazo ya ngazini huku Ufaransa, unaanza kuona makosa ambayo wenyeji wanayapita tu. “Merci de fermé la porte” (asante kwa kufunga mlango), badala ya fermer. “Sa va?” (hujambo?), badala ya “ça va”. “Comme même” badala ya “quand même” (hata hivyo). Yanachekesha kweli, lakini ndugu zangu, msidhani walioandika hawakusoma.

Fermé, fermer na fermez, sikio halizitofautishi, na mwenyeji alizisikia miaka mingi kabla ya kuziona. Sisi tulianzia daftarini, ndiyo maana jicho letu linashtuka. Dawa yake hufundishwa shuleni kwao: weka mordre (kuuma) mahali pa kitenzi, maana mordre na mordu hazifanani kwa sauti. Husemwa “merci de mordre”, haiwezekani “merci de mordu”, basi andika fermer. Kwa sa, jaribu cela (hiyo). Ikikubali, ni ça.

Linalotia hasara ni s moja. “Je viendrai lundi” ni nitakuja Jumatatu. “Je viendrais lundi” ni ningekuja. Wengi huzitamka sawa, kwa hiyo mtu anaandika ya pili akikusudia ya kwanza, hata anapojibu mwaliko wa usaili wa kazi. Badili je (mimi) iwe nous (sisi): nous viendrons ni ahadi, nous viendrions ina sharti ndani yake.

Nyumbani hakuna anayechanganya -ta- na -nge-. Makosa yetu mengi hutoka mdomoni: asiyetofautisha r na l huandika “kula ya siri”, au anatoa “mahali” kwa wakwe, anayemeza h huandika “apa”, asiyetamka th huuza kitu cha “samani kubwa”. Mrekebishe matamshi, na maandishi yatamfuata. Mfaransa anaweza kutamka vizuri kabisa na bado asijue aandike nini.

Kwa hiyo naona si haki huku kupima akili ya mtu kwa tahajia, hadi barua ya maombi ya kazi kuwekwa kando kwa makosa mawili. Marekebisho ya tahajia ya Kifaransa ya mwaka 1990 yaliruhusu ognon badala ya oignon (kitunguu), yakaondoa kofia, ile alama ya ^ juu ya herufi, kwenye maneno kama coût na maître, na wengi bado wanaandika kizamani. Lakini -é na -er, ambako watu wanaanguka kila siku, hayakuzigusa.