Naomba Nisisaidiwe Tena

Mimi ni kinyozi, Tandika, Dar es Salaam. Nyumba sina, kiwanja sina, hata kaburi nadhani nitapanga. Lakini kodi ya jengo nalipa kila mwezi, tena nailipa kabla sijawasha taa.

Wale mnaoishi kwa baba zenu huenda hamjui, ngoja niwape. Mwezi ukianza natuma elfu kumi ya umeme wa fremu. Ujumbe unarudi na tarakimu 20 za tokeni, na chini yake orodha ya waliokula kabla yangu: VAT imekula, REA wa umeme vijijini asilimia 3, EWURA wadhibiti wa nishati na maji asilimia 1, halafu kodi ya jengo 1,500. Yuniti zenyewe zimekaa pembeni kama mtoto wa kambo kwenye harusi.

Utaratibu huu ulianza Agosti 2021, ikiwa 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mwaka 2023 ikapanda. Aliyebuni ana akili, sikatai. Zamani mkusanya kodi alizunguka mtaani anafukuzwa na mbwa, mwenye nyumba kajifungia chooni anakohoa kama mgonjwa. Siku hizi hakuna mbio. Usipolipa, unakaa gizani. Kasoro ni moja tu: anayehitaji mwanga ni mimi, na mwenye jengo ni mama mmoja yuko zake Kigamboni. Serikali ikasema tusigombane, mpangaji na mwenye nyumba wakae waelewane. Nikapanda pantoni nikaenda kuelewana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umeleta ya miezi sita?"

"Bado mama. Nimekuja kwa ile elfu moja na mia tano ya jengo. Serikali imesema tuikate kwenye pango."

Akaweka chini ungo wa mchele. "Fremu umepangishwa na serikali?"

"Hapana mama."

"Basi ikikukata hiyo elfu moja na mia tano hukohuko, mimi hainihusu. Na pango linapanda Januari."

Tukawa tumeelewana.

Sasa kama hiyo haitoshi, Julai 2025 ikatoka amri ya kunilinda mimi binafsi. Biashara 15 ambazo mgeni haruhusiwi kugusa: uwakala wa pesa za simu, ufundi simu, kuongoza watalii, na humo ndani, saluni! Labda iwe hotelini au ya watalii. Mgeni akikutwa ananyoa, faini haipungui milioni 10. Mtanzania aliyemsaidia, milioni 5. Wateja wakanipongeza, mmoja akaninunulia soda kabisa: "Fundi, sasa umetoka kimaisha!"

Nikanywa soda, ila nikawa najiuliza. Tangu nianze kushika mashine hapa Tandika sijawahi kumwona Mchina anachonga panki. Hata mmoja. Anayeninyima usingizi ni kijana wa fremu ya pili, mtoto wa Newala, ananyoa kwa buku jero na anakukanda mabega bure. Kama mnataka kunilinda kweli, nilindeni na yule! Lakini yule ana kitambulisho cha taifa, na mabega anakanda vizuri, mimi mwenyewe nimewahi kwenda.

Mchina ninayemfahamu alikuwa Kariakoo, ndiye aliyeniuzia mashine za kunyolea. Kiswahili chake chote kilikuwa "kaka", "bei nzuri" na "hapana punguza". Amri ile ilipomwondoa, mashine zilezile, boksi lilelile lenye picha ya mzungu anayecheka, zikahamia duka la mzalendo mwenzangu mtaa wa pili. Bei imeongezeka. Nikamuuliza, mzee, mbona imepanda na mashine ni ileile? Akanishika bega: "Kaka, lazima tuinuane sisi kwa sisi." Nikamuinua. Alikuwa tayari ana gari.

Nina mteja, mwalimu mstaafu, huja kuchonga ndevu kila Ijumaa. Huyo ukiisema serikali ni kama umemsema marehemu mama yake. "Bila serikali kupanga bei," anasema, "nyinyi wafanyabiashara mngetuuzia sukari kwa bei ya dhahabu."

"Mwalimu, 2016 umeisahau?"

Maana mwaka huo sukari ya nje ilizuiwa mpaka kwa kibali, viwanda vya ndani havitoshelezi, halafu ikatangazwa bei elekezi ya 1,800 kwa kilo. Tangazo zuri kabisa. Nililisikia redioni nikiwa nakunywa chai ya chumvi.

"Ni walanguzi waliificha!" akafoka.

"Mwalimu, huyo muuza duka anainunua zaidi ya hiyo 1,800. Akiiuza kwa 1,800 anapata hasara, akiuza kwa bei yake anakamatwa. Wewe ungeiweka wapi?"

Hakunijibu. Wembe ulikuwa kooni. Ningependa midahalo yote ya uchumi ifanyikie kwangu, watu wanasikilizana sana.

Mjomba wangu hana hata nadharia moja, ila ana habari ya sabuni. Alikuwa na kiduka enzi za Tume ya Bei, ile iliyoanza 1973, ikawa inapanga bei za bidhaa kwa mamia. Anasema maisha yalikuwa rahisi ajabu: kiberiti rahisi, sabuni rahisi, dawa ya meno rahisi. Ila havikuwepo. Unakwenda duka la ushirika unasoma bei ukutani, unafurahi, unarudi nyumbani kusugua meno na mkaa. Ikafika 1983, Waziri Mkuu Sokoine akatangaza vita na wahujumu uchumi. Mjomba alikuwa na katoni mbili za sabuni ya mche. Mbili! Usiku ule akazifukia kwenye banda la kuku. Kuku wakatulia, mke akatulia, wapelelezi wakapita wakaaga. Kisha ikanyesha mvua ya siku tatu. Banda likaanza kutoa povu, povu likafuata mtaro, mtaro ukapita mlangoni kwa katibu kata. Mjomba anasema hajawahi kuona kuku wasafi namna ile.

Mwaka uliofuata bajeti ikaruhusu mwenye fedha zake za kigeni alete bidhaa bila kuulizwa kazitoa wapi. Sabuni zikarudi, mitumba ikarudi, watu wakavaa. "Hawakutuletea hata kipande," mjomba husema. "Walitazama pembeni tu." Mpaka leo ukimkuta na sabuni mfukoni usimshangae.

Mwalimu alivyomsikia mjomba akauliza barabara nani atajenga. Jamani, barabara nani kaikataa? Jengeni barabara, kamateni vibaka, zahanati iwe na dawa, nitalipa nikinung'unika kama kawaida. Mimi nina shida na ule msaada ambao sikuuomba. Mke wangu anauza vyombo vya plastiki. Desemba 2018 vikatolewa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, elfu 20 kimoja, na ahadi kwamba mwenye nacho asibughudhiwe. Alikinunua, akakivaa shingoni mpaka kanisani. Oktoba 2021 machinga wakaondolewa kandokando ya barabara, yeye na beseni zake. Kitambulisho kipo kabatini hadi leo, hakijabughudhiwa.

Na mwaka huohuo ndipo ilipokuja tozo ya miamala, mpaka elfu 10 kwa muamala mmoja. Mama yangu kijijini nikawa namtumia hela kwa konda wa basi, ndani ya pakiti ya majani ya chai. Mama akayanywa majani, ndipo akapiga simu kuuliza mbona chai mwezi huu ina karatasi. Wakapunguza, wakapunguza tena, ile ya kutuma simu kwa simu wakaiondoa 2023. Nawashukuru. Mtu akishuka mgongoni mwako unamshukuru, ndiyo adabu.

Basi juzi kaja bwana mmoja na faili, wa ofisi ambayo sitaitaja kwa kuwa bado naipenda fremu yangu. Anaulizia mtungi wa kuzimia moto. Upo. Anaulizia leseni. Hii hapa. Anaulizia kibali cha kupigia muziki kwenye saluni.

"Mkuu, redio mbovu."

"Na hiyo inayoimba?"

"Ya jirani. Ukuta mwembamba."

Akaitazama redio, ikaendelea kuimba. Akajitazama kwenye kioo, akashika kisogo. "Hebu nipunguze hapa nyuma kwanza, kuna harusi kesho."

Nikamchonga vizuri, nikampaka spiriti, akaruka. Bei? Elfu tatu. Akasema elfu mbili, maisha magumu. Tukavutana pale, kelele mpaka yule wa Newala akatoka kuchungulia, tukaangukia elfu mbili na mia tano. Akatoa simu anilipe.

"Mkuu," nikamwambia, "weka na ya kutolea."

Akanigeukia, shuka bado shingoni. "Ya kutolea tena? Kaka, hapo sasa mnatuonea!"