Hewa ukaa inahesabiwa hadi kilo, vumbi la saa nane usiku halimo kwenye ripoti

Kila mwisho wa mwezi, kwenye kiwanda cha saruji nilichowahi kufanyia kazi, watu wawili walipanda lundo la klinka wakiwa na futi ya kupimia. Klinka ni zile gololi za kijivu zinazotoka kwenye tanuri kabla ya kusagwa kuwa saruji. Lundo lake ni kama kilima. Ukikanyaga, gololi zinaporomoka chini ya buti, na joto unalisikia hadi kwenye nyayo. Wanapima urefu, upana na kimo, wanatafuta ujazo, wanageuza kuwa tani, kisha wanalinganisha na hesabu ya mizani ya mkanda inayolisha tanuri. Hesabu mbili zikipishana, na mara nyingi zilipishana, kinaitwa kikao. Namba iliyokubaliwa kwenye kikao kile ndiyo iliyokuja kutokea mwaka uliofuata kwenye ripoti ya mazingira yenye jalada la kijani, safari hii ikiwa imegeuzwa kuwa tani za hewa ukaa.

Naanza na lundo kwa sababu wasomaji wengi wa ripoti hizi wanadhani juu ya bomba la moshi kuna chombo kinachohesabu hewa ukaa kama mita ya maji. Viwanda vingi havina chombo hicho. Hewa ukaa inakokotolewa. Jiwe la chokaa likichomwa tanurini, ambamo joto hufika nyuzi 1,450 hivi, linaachia hewa ukaa iliyokuwa imefungwa ndani yake, na kwa kila tani ya klinka hesabu inayotumika ni takribani kilo 525 zinazotoka kwenye jiwe peke yake. Juu yake unaongeza moto. Tanuri la kisasa linahitaji nishati ya gigajuli 3.5 hivi kwa tani moja. Ukichoma makaa ya mawe unapata kilo 336 nyingine, ukichoma gesi asilia unapata kilo 196 hivi. Ndiyo maana gesi ya Songo Songo ilipofika kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, Dar es Salaam, mwaka 2004, ilikuwa nafuu ya kweli kwa mazingira. Lakini zile kilo 525 za jiwe hakuna gesi inayozigusa. Na ndiyo maana saruji peke yake inabeba karibu asilimia 7 ya hewa ukaa yote inayotokana na shughuli za binadamu duniani.

Wapo wanaosema ripoti hizi ni porojo za kupamba kampuni. Kwa upande wa hewa ukaa, sikubaliani nao. Tani zinazotumika kukokotoa ndizo tani zinazotumika kulipia makaa ya mawe, kulipia mrabaha wa mawe ya machimbo, na kuhesabia mali ghalani mkaguzi wa hesabu anapokuja. Anayetaka kudanganya kwenye hewa ukaa itabidi adanganye na kwa mhasibu wake, kisha kwa mamlaka ya mapato. Tena kanuni za kukokotoa zimekuwa za pamoja tangu kampuni kubwa za saruji zilipoanza mwaka 1999 kukaa meza moja kutafuta kipimo kimoja. Leo Heidelberg Materials, wenye kiwanda hicho cha Wazo Hill, wanatamka hadharani kwamba ifikapo 2030 wanataka kushuka hadi kilo 400 kwa tani ya saruji, siyo ya klinka. Ahadi yenye namba na mwaka unaweza kuishika mkononi na kumrudia aliyeitoa.

Na hesabu ikishakuwepo, haibaki mali ya aliyeiandika. Januari 2023 wakazi wanne wa kisiwa cha Pari, Indonesia, walifungua kesi mjini Zug, Uswisi, dhidi ya Holcim, kampuni ya saruji iliyokuwa mmiliki mkuu wa Bamburi ya Mombasa hadi mwishoni mwa 2024. Kisiwa chao kinaliwa na bahari. Hawakuidai kampuni hiyo gharama zote za madhara. Walidai asilimia 0.42, kwa hoja kwamba huo ndio mchango wake katika hewa ukaa yote ya viwanda duniani tangu 1750. Kampuni inaipinga kesi, na mahakama ndiyo itakayoamua nani ana haki. Ninachokiona mimi ni kwamba wakazi wa kisiwa kidogo waliweza kutamka kiasi chenye desimali mbili mbele ya hakimu wa Ulaya, kwa sababu mahali fulani mtu alikuwa anahesabu tani.

Sasa upande wa pili, na huu una uzito wake.

Chukua kiwanda kinachotoa kilo 800 za hewa ukaa kwa tani ya saruji na kuuza tani milioni moja kwa mwaka. Kikachanganya majivu ya volkano zaidi na klinka kidogo, kikashuka hadi kilo 640, huku mauzo yakipanda hadi tani milioni moja na nusu. Jalada la ripoti litaandika kwamba uchafuzi umepungua kwa asilimia 20. Angani, hata hivyo, zilikuwa tani 800,000 na sasa ni 960,000. Imeongezeka asilimia ileile 20. Kila namba hapo ni ya kweli. Siungi mkono wanaotaka viwanda vyetu vipimwe kwa jumla tu, maana nchi ambayo watoto wake bado wanasomea kwenye vyumba vya udongo itajenga, na inapaswa kujenga. Ila ripoti inayonionyesha namba ya kwanza ikaizika ya pili kwenye jedwali la ukurasa wa 90, hiyo inanichagulia cha kuamini.

Kuna na suala la mipaka. Kiwanda kinachoagiza klinka kutoka nje kwa meli na kuisaga tu hapa hakina tanuri, kwa hiyo fungu lake la kwanza, yaani hewa ukaa inayotoka kwenye mabomba yake mwenyewe, ni dogo sana. Moto uliwashwa nchi nyingine, na mzigo wake unaangukia fungu la tatu, lile la bidhaa zilizonunuliwa, ambalo wengi hulijaza kwa makadirio au huliacha wazi. Ukiwapanga wenye viwanda kwa usafi ukitumia fungu la kwanza peke yake, msagaji atamshinda aliyejenga tanuri na kuajiri watu machimboni. Hili linawauma wenye viwanda kamili, na wana haki ya kulalamika.

Vilevile kuna hewa ukaa ghafi na hewa ukaa halisi. Tairi kuukuu likichomwa tanurini, kanuni za sekta zinaruhusu moshi wake uondolewe kwenye hesabu ya pili, kwa hoja kwamba lingechomwa au kutupwa jalalani hata hivyo. Makapi ya kahawa, kama yale yanayotumika kiwanda cha Hima kule Kasese, Uganda, yanahesabiwa sifuri kwa kuwa mkahawa utaota tena na kuivuta hewa hiyo. Hoja zote mbili zina mantiki. Lakini mwanahabari akiandika namba bila kusema ni ya ghafi au ni halisi, msomaji hajaambiwa kitu.

Haya yote ni mabishano ya wataalamu, na yanatatulika. Lililonikosesha usingizi ni jingine.

Siku moja tulifanya mkutano na majirani, kama sehemu ya ukaguzi wa mazingira. Ofisa wetu alisimama akasoma kwamba wastani wa vumbi kwa mwaka uko chini ya kiwango. Mama mmoja anayeanika dagaa nyuma ya nyumba yake akanyoosha mkono. "Mwanangu, hayo ya mwaka sawa. Mimi nauliza usiku wa Jumanne. Saa nane niliamka nakohoa, asubuhi dagaa wote wamekuwa kijivu. Jumanne ilikuwaje?" Ofisa akajibu kwa heshima, "Mama, tunachoripoti ni wastani." Mimi nilikuwa nimeketi safu ya mbele na jibu nilikuwa nalo. Kichujio chetu cha vumbi kilikuwa cha umeme. Gesi ya monoksidi ya kaboni ikipanda kwenye moshi, kichujio hicho hujizima chenyewe, kwa sababu cheche moja ingeweza kukilipua. Kwa dakika hizo vumbi linatoka lote. Kitabu cha zamu kilikuwa na saa na dakika ya kila tukio, kwa mwandiko wa kalamu. Nilinyamaza, na jambo hilo linanichoma hadi leo.

Piga hesabu. Kichujio kikizimika mara 30 kwa mwaka, dakika kumi kila mara, hizo ni saa tano katika saa 8,000 za uzalishaji. Kwenye wastani zinayeyuka kabisa. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya 2021, liliweka viwango viwili kwa vumbi laini zaidi: mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa mwaka mzima, na 15 kwa saa 24. Liliweka viwili kwa kuwa pafu halivuti wastani.

Kwa nini hewa ukaa ihesabiwe hadi kilo, na vumbi lisemwe kwa jumla jumla? Jibu langu ni kwamba ripoti humjibu anayeuliza. Hewa ukaa wanaiuliza wawekezaji, mabenki, na sasa Umoja wa Ulaya, ambao tangu Januari 2026 unaitoza saruji, chuma, alumini na mbolea zinazoingia kwao kulingana na hewa ukaa iliyotumika kuzitengeneza. Vumbi linaulizwa na mama wa dagaa, na yeye ripoti haijaandikwa kwa lugha yake. Sheria zetu hazijamsahau: ya Kenya ya 1999 na ya Tanzania ya 2004 zote zinataka ukaguzi wa mazingira, na ya Tanzania inatambua haki ya mwananchi kupata taarifa za mazingira. Lakini taarifa inayopatikana kwa kuandika barua na kungoja siyo taarifa ya mtu anayekohoa.

Wenye viwanda wana majibu yao, na nimeyasikia kutoka kwa watu ninaowaheshimu. Vyombo vya kupima vumbi huchafuka na kusoma vibaya. Ukianika namba za kila saa, chombo kibovu kitakuletea mwandishi wa habari getini. Aliyefunga chombo ataonekana mchafu, na jirani yake asiyepima chochote ataonekana msafi. Kubadilisha kichujio cha umeme kuwa cha mifuko, ambacho hakina tatizo la kujizima namna hiyo, ni mradi wa fedha nyingi sana. Hoja ya anayepima kuonekana mchafu ndiyo inayonigusa zaidi, na dawa yake iko kwa mdhibiti: kupima kuwe lazima kwa wote, wasagaji wakiwemo. Hoja ya vyombo kusoma vibaya haisimami. Namba yenye kasoro iandikwe pamoja na kasoro yake, kama tulivyokuwa tunafanya na lundo la klinka kila mwezi.

Ninachotaka hakihitaji mtambo mpya. Ni ukurasa mmoja wa kitabu cha zamu, wa kila wiki, kwa Kiswahili, ubandikwe getini na kwenye ofisi ya serikali ya mtaa: kichujio kilizimika lini, kwa dakika ngapi, upepo ulikuwa unaelekea wapi. Na namba ya simu ya mtu wa zamu.